Namna ya Kumwandika Binti Aliyenyamazishwa

Anayetaka kutunga hadithi ya binti aliyefanyiwa ukatili akashindwa kusema, aanze kwa kujiuliza ni nani anayenufaika na ukimya wake. Waandishi wengi huufanya ukimya huo kuwa tabia ya mhusika, wakamchora akiwa ameinamisha kichwa ukurasa hadi ukurasa, mpaka msomaji akamchoka. Binti huyo ana mengi ya kusema. Hadithi ionyeshe wanaomzuia, wakiwemo wale wanaompenda.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili huko Hombolo, Dodoma, ambaye aliyemdhuru ni rafiki wa baba yake, mnunuzi wa zabibu za shamba lao. Tukio lenyewe lisisimuliwe. Inatosha msomaji aelewe kwamba lilitokea, maana kueleza kwa kina jinsi mtoto alivyoumizwa ni kumvunjia heshima upya. Nguvu ya mwandishi iende kwenye siku zinazofuata, na hapo desturi zetu zinampa jambo zito kuliko maelezo yoyote ya machozi, nalo ni salamu. Mtu yule atarudi nyumbani, atapewa kiti, na binti ataitwa kutoka jikoni aje kumwamkia.

"Wewe, humwoni baba mkubwa?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendaje?"

Hakuna kilio hapo, lakini msomaji anayejua yaliyotokea ataumizwa na neno "mwanangu" kuliko na aya nzima ya majonzi. Siku nyingine binti apite kimya na ndoo yake bila kuamkia. Hilo ndilo jaribio lake la kwanza la kusema, na malipo yake yawe kugombezwa mbele ya mgeni kwamba shule imemwondolea adabu. Majaribio ya namna hiyo yawe kadhaa kabla hajatamka sentensi moja iliyonyooka: akatae kwenda shambani bila kutoa sababu, au aanze kumwambia bibi yake, "Bibi, nikikuambia kitu…", kisha jirani apige hodi. Kwa kuwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hadithi inaweza kutoka mavuno hadi mavuno, mnunuzi akirudi kila msimu.

Kumbukumbu za aliyepatwa na kiwewe mara nyingi hazina mpangilio. Huenda binti akakumbuka barabara harufu ya salfa iliyopulizwa kwenye mizabibu, lakini asikumbuke ilikuwa siku gani. Tena wapo wengi ambao mwili huganda, wasipige kelele wala kukimbia, kisha wakajilaumu kwa hilo kwa muda mrefu. Mtu mzima anayemuuliza "Mbona hukupiga kelele?" hahitaji kuwa mkatili, na ni bora awe mtu mwema asiyejua anachokifanya.

Msikilizaji wake naye aandikwe kwa uangalifu. Mwalimu wa malezi anayesema "Niambie, sitamwambia mtu" anatoa ahadi asiyoweza kuitimiza, kwa sababu mtoto anapodhuriwa lazima wengine wahusishwe. Ninapendelea aseme, "Siwezi kukuahidi siri, ila sitafanya lolote kabla ya kukuambia," kisha anyamaze kwa muda ambao binti atauhitaji.

Yanayofuata yasirukwe, ingawa yanaweza kuandikwa kwa ufupi: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, fomu ya PF3 inayotolewa na polisi na kujazwa na daktari, na wazee wanaoketi jioni wakitaka suala limalizwe kifamilia. Kesi si lazima iishe ndani ya hadithi.

Kabla ya kuchapisha, mpe afisa ustawi wa jamii aisome rasimu. Namba 116, ambayo ni simu ya msaada kwa watoto isiyotozwa malipo, iwekwe mwishoni, mahali ambapo binti anaweza kuiona bila kumuuliza mtu yeyote.