Zanzibar uende lini? Usiulize mvua tu, uliza na mwezi

Jamani kila anayepanga safari ya Zanzibar swali lake ni moja, mvua inanyesha lini, akishajibiwa anakata tiketi. Mvua haina mambo mengi: masika ni kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei na Aprili ndo yenyewe, hoteli nyingine za pwani ya mashariki zinafunga kabisa, ila zinazobaki zinashusha bei kwa hiyo kama bajeti yako ndogo na huogopi kulowa nenda tu. Vuli ni Novemba mpaka Desemba hivi, inanyesha inaacha, haikuharibii safari.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni bamvua. Mimi mara ya kwanza nilifika Jambiani, pwani ya mashariki, saa kumi jioni, bahari imejaa mpaka kwenye ngazi za gesti, nikalala nimefurahi, kesho yake saa nne asubuhi natoka na taulo langu maji hakuna, mchanga mtupu, kina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, bahari iko kule mbali kwenye mwamba. Hiyo ndo bamvua, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Katikati yake ndo kuna maji mafu, hayaendi mbali. Kwa hiyo kabla hujalipa chumba angalia mwezi, kama unataka kuogelea na tarehe zako zimeangukia bamvua kaa Nungwi au Kendwa kule kaskazini, huko unaogelea muda wowote, Paje na Jambiani waachie siku za maji mafu. Ila kama raha yako ni kutembea mpaka mwambani basi bamvua ndo yako, vaa viatu tu maana ile miiba ya baharini si mchezo.

Upepo nao. Juni mpaka Septemba ni kusi, kunapoa, Paje wanateleza baharini kwa kaiti, lakini boti ya kutoka Dar inarukaruka kwelikweli, kama unatapika usile sana kabla. Desemba mpaka Februari kaskazi, joto kali, na Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Mji Mkongwe, vyumba wahi mapema. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ni Julai.

Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka kwa hiyo icheki, mchana migahawa mingi ya mjini inafunga na usile barabarani, ni heshima, ila futari ya huko usiikose.

Mimi nikiambiwa nichague nachukua Septemba mwishoni mpaka Oktoba, kusi imeshachoka na vuli bado.