Kutoboa ngoma ya sikio la ndama kwa sindano ya kufumia

Juzi nilimwelekeza kwa simu bwana mifugo kijana. Ndama wa wiki nne, sikio la kushoto limelala, kope limeshuka, kichwa kimepinda. Nilishuku usaha umejaa sikio la kati, nyuma ya ngoma; ngoma hutobolewa ili utoke. Alishamchoma penisilini siku tano. Kama chanzo ni bakteria aitwaye Mycoplasma bovis hapo hamna kitu: penisilini hubomoa ukuta wa seli, na mdudu huyo hana ukuta.

Hatua ya 1. Chungulia kwanza. Kupe wakijaa sikioni nalo hulala. Kichwa kikipinda na macho yakichezacheza, ugonjwa umefika sikio la ndani. Wewe mfugaji ishia hapa, mwite mtaalamu.

Hatua ya 2. Zailazini (dawa ya kumtuliza), miligramu 0.1 kwa kilo ya uzito. Ndama wa kilo 40 ni mililita 0.2 za chupa ya asilimia 2. Ile ya asilimia 10 ni ya farasi. Ukichanganya umempa mara tano.

Hatua ya 3. Kutoboa. Natumia sindano ya kufumia ya chuma, milimita 3.5, iliyochemshwa. Mara ya kwanza nilipoteza karibu saa mbili: usaha ulitoka, nikajua nimetoboa, kumbe nachokoa usaha mkavu na ngoma iko nyuma yake, nzima! Siku hizi nasuuza njia ya sikio mpaka niione ngoma. Vuta sikio njia inyooke, lenga nusu ya chini ya ngoma, maana vijifupa vya kusikia viko juu. Mkono utasikia kitu kimeachia ghafla. Simama hapohapo, usisukume hata kidogo.

Sasa suuza polepole kwa maji ya dripu ya chumvi, yenye uvuguvugu wa mwili. Ya baridi humtia kizunguzungu. Pua iwe chini. Njia ya kutoka sikio la kati hadi kooni ikifunguka, maji hupitia kooni na kutokea puani, na kichwa kikiwa juu atayavuta mapafuni, ambako mara nyingi tayari kuna nimonia. Spiriti, ayodini, klorheksidini: usithubutu, zitamwua usikivu. Rudia kila siku hadi yatoke safi.

Hatua ya 4. Antibiotiki, tulathromaisini au flofenikoli, na meloksikamu ya maumivu. Jicho lisilofumba lipake mafuta ya macho.

Mfupa wa sikio la kati ukishaoza, sindano haifui dafu. Huo hufunguliwa kwenye chumba cha upasuaji.

Yule wa juzi maji yalimtoka puani siku ya tatu. Ananyonya, ila kope bado limelala.