Namna ya kupima usomaji wa mtoto mdogo bila kumtia hofu

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 akihisi anafanyiwa mtihani, huanza kusoma uso wako badala ya karatasi. Hapo alama utakazoandika zitaonyesha woga wake, si usomaji wake. Mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi anayempima mtoto mmoja kwa Kiswahili, kwa dakika 10 hadi 15.

Hatua ya 1: Andaa karatasi mapema

Andika kwa maandishi makubwa ya kuonekana vizuri, vitu vitano kwa kila mstari:

- Herufi 20, zisizofuata mpangilio wa alfabeti, maana watoto wengi huimba a, b, ch, d bila kuzitambua. Mstari wa kwanza uwe mwepesi: a, m, i, k, t. Usiweke b na d jirani. Ch, sh, ny na ng' ziwe mwishoni.
- Silabi 10: ma, ke, ti, bo, du, sha, nyo, mba, kwe, ng'a.
- Maneno 5 ya kweli: kuku, meza, samaki, nyumba, kitanda. Na 5 ya kubuni: zumo, keda, nyolu, sizape, mbelo.
- Hadithi fupi: *Juma ana paka mdogo. Paka huyo anapenda kulala chini ya kitanda. Leo paka hayupo. Juma anamtafuta kila mahali. Mwishowe anamkuta ndani ya kikapu cha nguo. Juma anacheka.*

Tengeneza nakala mbili, ya mtoto na yako ya kuwekea alama. Tumia penseli. Kalamu nyekundu iache, hata mtoto mdogo anajua maana yake.

Hatua ya 2: Kaa naye vizuri

Keti ubavuni mwake, si mkabala naye. Asiwepo mtoto mwingine wa kumjibia. Usimtoe kwenye mchezo ulionoga wala usimpime akiwa na njaa. Mwambie tu, "Leo nataka unisomee kidogo. Mengine ni magumu, tukifika hapo tutayaruka."

Hatua ya 3: Anza na kitabu na masikio

Mpe kitabu chenye picha kikiwa juu chini. Je, anakigeuza? Muulize tunaanza kusoma wapi, kisha tunaelekea wapi. Baadaye funga kitabu, umuulize neno "meza" linaanza na sauti gani, kisha pigeni makofi pamoja kwa kila silabi: ku-ku, sa-ma-ki. Katika makofi epuka "mbwa" na "mbuzi". La kwanza lina silabi mbili, m-bwa, na la pili pia mbili, mbu-zi, lakini m hizo hazifanyi kazi moja, na hata watu wazima hubishana.

Hatua ya 4: Herufi

Uliza, "Hii inatoa sauti gani?" Akitaja sauti, weka vema. Akitaja jina la herufi, andika J. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana: anayeijua b kama "be" peke yake atafika kwenye "bata" aseme "be-a-te-a", kisha akwame. Akinyamaza kwa sekunde 3 hivi, sema kwa upole "twende inayofuata". Akikosa zote tano za mstari wa kwanza, acha herufi hapo hapo, umsifu kwa kujaribu, uende kwenye hadithi ya kusomewa.

Jambo linaloharibu vipimo vingi ni penseli yenyewe. Ukiandika pale anapokosea tu, mtoto husikia mkwaruzo na kujua. Andika alama kwa kila kitu, sahihi na kosa. Vivyo hivyo, usiseme "vizuri" kila anapopatia, kwa sababu ukimya wako utakuwa hukumu. Msifu mwisho wa kila mstari, haidhuru amepata ngapi: "Unajitahidi sana."

Hatua ya 5: Silabi na maneno

Hapa sikiliza aina ya kosa kuliko idadi. Anayesema "m… a" bila kutoa "ma" anazijua herufi ila hajajua kuunganisha. Anayesoma "kuku" na "meza" haraka lakini akashindwa "keda" amekariri sura za maneno, na maneno ya kubuni yapo kwa ajili ya kumbaini huyo. Mweleze kwanza kwamba ni maneno ya mchezo, la sivyo atayageuza yawe ya kweli.

Kama mtoto husema "l" mahali pa "r", au "z" mahali pa "dh", katika mazungumzo ya kila siku, usimhesabie kosa. Unapima kusoma, hupimi lafudhi.

Hatua ya 6: Hadithi

Asome kwa sauti, akitaka afuatishe kidole. Saa isionekane. Akikosea, andika juu ya neno alichosema: "kitabu" badala ya "kitanda" ni dalili kwamba anatazama mwanzo wa neno kisha anakisia. Akijirekebisha mwenyewe, hesabu kuwa sahihi, na weka alama pembeni, maana ni dalili nzuri sana.

Hadithi ina maneno 27. Akikosa 3 au zaidi, yaani zaidi ya moja katika kila kumi, ni ngumu kwake kwa sasa. Msomee wewe. Kisha uliza: Paka anapenda kulala wapi? Alikutwa wapi? Kwa nini Juma alicheka? Swali la mwisho halina jibu moja, kubali lolote lenye mantiki. Akijibu vyema baada ya kusomewa, uelewa wake uko sawa na shida iko kwenye kutambua maandishi. Akisoma vizuri mwenyewe lakini asijibu, mpe mazungumzo na hadithi zaidi, si kadi za silabi.

Hatua ya 7: Funga kwa kitu anachokiweza

Rudi kwenye mstari aliousoma vizuri, ausome tena. Alama usimwonyeshe wala usizitaje mbele ya wenzake. Chagua udhaifu mmoja tu wa kufanyia kazi, dakika 10 kila siku, kisha mpime tena baada ya wiki 6 hadi 8 kwa maneno na hadithi nyingine. Hii ya Juma atakuwa ameshaikariri.