Anwani iwe ya mwisho: namna ya kuandika barua pepe yenye adabu

Kila siku ninapokea na kujibu barua pepe za ofisi. Nyingi zinazoleta manung'uniko huandikwa na watu waungwana waliokuwa na haraka. Ndiyo maana kila anayeanza kazi kwetu ninamfundisha kuijaza barua kinyumenyume, anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho. Barua isiyo na anwani haiendi popote, hata kidole kikiteleza.

Hatua ya 1: Ambatisha faili

Anza nayo, maana ndiyo husahaulika. Ipe jina linaloeleweka, kama "Ripoti-ya-Machi". Angalia na ukubwa: faili ya MB 20 husafiri ikiwa imefika karibu MB 27 kwa sababu ya namna inavyofungashwa, na seva ya mpokeaji inaweza kuikataa. Iliyo kubwa iweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume kiungo, na uhakikishe umetoa ruhusa ya kuifungua.

Hatua ya 2: Andika barua yenyewe

Salimu, mtaje mtu kwa jina lake (hakiki tahajia yake, tafadhali), kisha sema haja yako katika sentensi mbili za mwanzo. Maelezo yafuate.

Hapa ndipo ninapowakazania wanafunzi wangu zaidi. "Nitumie ripoti leo" ukiitamka uso kwa uso, sauti na tabasamu huilainisha. Kwenye skrini inabaki amri tupu. Andika: "Naomba unitumie ripoti leo kabla ya saa 10 jioni, niiwahishe kwenye kikao." Ombi, muda na sababu, vyote vimo. "Naomba" moja inatosha. Ukirundika "samahani" na "tafadhali" kila mstari, mpokeaji atashindwa kujua unataka nini. Na usiache "saa 10" ikiwa peke yake. Mwingine ataisoma kwa saa za Kiswahili, mwingine kwa saa za kimataifa, mkakosana kwa saa sita nzima.

Epuka HERUFI KUBWA sentensi nzima. Mwongozo wa adabu za mtandao unaojulikana kama RFC 1855, wa Oktoba 1995, ulishaonya kwamba zinasomeka kama kelele, na hali haijabadilika.

Hatua ya 3: Weka kichwa cha barua

"Habari" au "Muhimu" havimwambii mtu kitu. "Ripoti ya Machi: naomba masahihisho kufikia Ijumaa" kinaeleweka hata kabla barua haijafunguliwa. Mazungumzo yakihamia jambo jingine, fungua barua mpya.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti

Ukijisikia una hasira, iache kwenye rasimu mpaka kesho. Niliwahi kumjibu mteja usiku kwa maneno makali. Asubuhi niliposoma tena barua yake nikaona alikuwa ameuliza swali tu, tena kwa upole. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini barua yangu ingali kwenye kikasha chake.

Hatua ya 5: Sasa jaza anwani

Sehemu ya kwanza ni ya wanaotakiwa kutenda. Cc, jina lililotokana na nakala za karatasi ya kaboni, ni ya wanaopaswa kujua tu. Bcc huficha anwani: itumie unapowaandikia watu wengi wasiofahamiana, kwani anwani ya mtu si yako kuigawa. Usiitumie kumwingiza bosi kimyakimya. Akibonyeza "Jibu wote", kila mtu atajua alikuwa anasoma, na imani ikishavunjika hivyo ni kazi kuirudisha.

Wewe nawe, kabla ya kubonyeza "Jibu wote", jiulize nani kati yao anahitaji jibu lako. "Asante" yako kwa watu arobaini ni usumbufu mara arobaini.

Katika mipangilio ya Gmail, ongeza muda wa kutendua, yaani wa kuizuia barua uliyokwisha kubonyeza "Tuma", hadi sekunde 30. Mimi umeniokoa mara nyingi.

Hatua ya 6: Ukiandikiwa, jibu

Kama huna jibu kamili, usikae kimya ukimwacha mwenzako akijiuliza kama barua ilifika. Mstari mmoja unatosha: "Nimeipata, nitakujibu Alhamisi." Alhamisi ikifika, jibu, hata kama ni kumwambia kwamba bado unasubiri.