Ukikutana na Kisukuku Olduvai

Mvua za masika zikipita, miteremko ya Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, huwa imemomonyoka upya, na visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, huanza kuchungulia. Ukishuka na mwongozaji, unaweza kuukuta mmoja miguuni pako. Usiuokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuuchukua bila kibali, lakini kuna sababu kubwa zaidi: umri wa mfupa tunausoma kwenye majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Majivu ya namna hiyo, yalipopimwa 1961, ndiyo yaliyolipa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, umri wa miaka milioni 1.75. Mfupa ukishang'olewa mahali pake, umepoteza shahidi.

Simama ulipo. Tazama ncha iliyovunjika: mfupa una ganda lililobana nje na vitundu kama sponji ndani, jiwe la kawaida halina mpangilio huo. Usimwagie maji ili rangi ikolee. Mfupa uliopigwa na jua umejaa nyufa, na maji huufanya upukutike.

Weka kalamu kando yake, pasipo kuugusa, upate kipimo. Piga picha moja kwa karibu kutoka juu, nyingine ukiwa hatua tatu nyuma, kisha ya tatu iliyo pana, ionyeshe mteremko mzima hadi ukingoni. Hii ya tatu watu huisahau, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Kuta za korongo zimepangika kwa matabaka yanayohesabiwa kutoka chini, na Tabaka la Tatu ni jekundu, halijifichi. Likiwemo pichani, mtaalamu atajua mfupa ulilala juu au chini yake. Hata hivyo usikate shauri mwenyewe, kwani mifupa mingi huporomoka kutoka tabaka la juu.

Andika namba za GPS kwa desimali tano. Simu hukosea mita kadhaa, hasa ukiwa chini ya kuta za korongo, kwa hiyo zisichukue nafasi ya picha pana. Namba hizo usizitume mtandaoni. Wezi nao husoma.

Usirundike mawe kuwa alama. Hapa jiwe lenye makali yaliyochongwa laweza kuwa zana ya kale, na kwa kulisogeza utaharibu vitu viwili kwa mpigo. Rudi kwa nyayo zako zilezile, umwonyeshe mwongozaji, kisha mpeleke picha na namba kwa wahudumu wa makumbusho ya Olduvai siku hiyohiyo, kabla mvua nyingine haijashuka.