Kuhama mkoa na mtoto baada ya kutengana: ya kufanya kabla ya kufungasha

Somo hili ni la mzazi wa Tanzania Bara aliyepewa malezi kwa amri ya mahakama na sasa anataka kuhama, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Ratiba ya kila Jumamosi kwa baba inakufa siku mtakayopanda basi, kwa hiyo amri ibadilishwe kwanza, safari ifuate.

Hatua ya 1. Soma amri yenyewe, usitegemee unavyoikumbuka. Kama imempa mwenzako siku maalumu za kumwona mtoto, kuhama kimyakimya ni kuikiuka.

Hatua ya 2. Mwandikie mwenzako barua, ubaki na nakala. Taja tarehe, mtaa, shule, na nani atakaa na mtoto ukiwa kazini. Kisha weka ratiba mpya, na hapa usiwe mchoyo: likizo za Juni na Desemba kwake, siku za simu, nani analipa nauli, nani anamsindikiza mtoto. Ratiba isiyotaja nauli huvunjika likizo ya kwanza tu.

Hatua ya 3. Mkikubaliana, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri awasaidie kuyaandika, kisha yapelekeni mahakamani. Makubaliano ya mdomo hayafuti amri.

Hatua ya 4. Akikataa, rudi mahakama iliyotoa amri na maombi yenye hati ya kiapo. Ambatisha amri ya awali, cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira, barua ya shule inayompokea na ratiba yako. Wengi huharibu hapa: kiapo kizima kinajaa maovu ya mwenzake, mtoto hatajwi. Hakimu anapima maslahi ya mtoto: nani amemlea hadi sasa, ndugu zake watabaki pamoja, yeye mwenyewe anasemaje kama ana umri wa kujieleza.

Hatua ya 5. Amri ikitoka, ndipo uombe uhamisho wa shule. Aliye darasa la mtihani wa taifa amalize kwanza.

Maswali ya wanachama

*Wakili, wangu ana miaka 5. Si wa mama moja kwa moja?*
Hapana, dada. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, lakini baba anaweza kulipinga hilo kwa ushahidi. Kifungu hichohicho kinataka mtoto asivurugwe kwa kubadilishiwa mlezi.

*Mwenzangu ameshaondoka naye, na nasikia anataka kumvusha nje.*
Usiende kumnyakua shuleni, kaka, utajiharibia kesi. Fungua maombi ya dharura mara moja, uombe mtoto arudishwe na azuiwe kutoka nchini, kisha peleka nakala ya amri Uhamiaji. Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurejesha watoto, hivyo akishavuka mpaka kumrudisha ni kazi ngumu mno.

*Akimhamisha, naweza kusimamisha matunzo?*
Hapana. Kama nauli inakulemea, omba mahakama ipange upya kiasi, na uendelee kulipa cha zamani mpaka amri mpya itoke.