Côte d'Azur: asubuhi kilimani, mchana baharini

Kila mgeni anayenifuata Nice, mji wa Côte d'Azur, pwani ya kusini mwa Ufaransa, ambako nimekaa majira matatu ya kiangazi, namwambia lile lile: usikodi chumba Monaco wala Cannes. Lala Nice, karibu na stesheni kuu, halafu panda treni za TER, yaani treni za mkoa. Reli inaambaa na bahari kutoka Cannes, ikipita Antibes na Nice, hadi Menton karibu na mpaka wa Italia. Ukielekea Monaco, kaa upande wa kulia. Kila handaki linapoisha, bahari hiyo hapo dirishani.

Anza na Èze. Wengi hufika saa tano, mabasi ya watalii yakiwa yameshashusha watu, na vichochoro vya kijiji ni vyembamba mno. Wewe panda treni ya kama saa moja asubuhi, shuka Èze-sur-Mer. Kijiji kiko juu ya kichwa chako, zaidi ya mita 400 kutoka baharini. Njia ya miguu inayopanda huko ina jina la Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyekuwa akiipita miaka ya 1880. Ni mawe na ngazi, saa moja na nusu ukienda taratibu. Vaa viatu visivyoteleza na beba maji ya kutosha. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Julai, tulianza kupanda saa sita mchana na mama mdogo. Tulifika nusu, akashikwa na kizunguzungu, tukarudi. Tangu siku hiyo simruhusu mtu apande jua likishakuwa kali. Baada ya mvua kubwa pia usiipite, mawe huporomoka. Kuna basi kutoka Nice.

Ukifika juu, lipa kiingilio cha bustani ya dungusi kakati kwenye magofu ya ngome. Ukisimama pale unaona mwenyewe kwa nini wazee wa pwani hii walijenga juu ya majabali: chombo chochote cha maharamia kilionekana kingali mbali.

Mchana shuka Villefranche ukaogelee. Ufukwe wake uko kando kabisa ya stesheni, nao una mchanga. Nice ni kokoto tupu. Nunua viatu vya mpira vya kuingilia majini. Sehemu zenye vitanda na miavuli ni za kulipia, lakini katikati yake kuna ufukwe wa umma, bure.

Njaa ikikushika Nice, kula socca: chapati ya unga wa dengu inayookwa kwenye sinia kubwa la shaba. Iliwe ya moto, na pilipili manga. Soko la Cours Saleya usiende Jumatatu ukitafuta mboga na maua, siku hiyo ni la vitu vya kale.

Saint-Tropez haina reli. Agosti foleni ya magari huko inachosha, heri boti kutoka Saint-Raphaël. Mei nayo ina tamasha la filamu la Cannes, na mapema Juni kuna mbio za magari za Monaco, vyumba hupanda bei.

Siku yako ya mwisho iwe ya Saint-Paul-de-Vence, kwa basi. Pita haraka kwenye maduka ya picha, nenda moja kwa moja makaburini, mwisho wa kijiji. Mchoraji Marc Chagall, aliyefariki mwaka 1985, amelala pale, na wageni humwekea vijiwe juu ya kaburi. Mimi huokota changu ufukweni Nice, nikapanda nacho.